Edmond Albius: Mtwana wa miaka 12 aliyelizalisha ua la vanila

MGENI anayelala katika nyumba za wakulima zinazopokea wasafiri huko Sainte-Suzanne au Bras-Panon, upande wa kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Réunion, huandaliwa chakula ambacho sehemu yake kubwa imetoka shambani mwa mwenyeji wake. Kuna wali na maharagwe, achari kali ya mboga, na mara nyingi bata aliyepikwa kwa vanila, mapishi ambayo watu wa kisiwa hicho hujivunia kama watu wa Lamu na Mombasa wanavyojivunia pilau na samaki wa kupaka. Wanaokunywa pombe huletewa chupa ya kileo cha miwa kilicholowekwa maganda meusi ya vanila kwa miezi kadhaa. Mlo ukiisha, mwenyeji humwongoza mgeni hadi bustanini, chini ya miti iliyopandwa na mababu, na kumwonyesha mmea wenye majani mazito unaoparamia shina kama nyoka.

Ikiwa ni msimu wa maua na jua halijapanda sana, mwenyeji huchukua kijiti chembamba, akalishika ua kwa vidole vitatu, akaguswa kitu fulani ndani yake kwa kijiti hicho, akabonyeza kwa dole gumba na kuliachilia. Kazi hiyo haichukui muda wa kusema bismillahi. Lakini bila hiyo, hakuna ganda, hakuna harufu, na hakuna ile ladha ambayo wengi wetu tuliijua kwanza katika barafu tamu ya utotoni au keki ya harusi.

Aliyegundua mbinu hiyo rahisi alikuwa mtoto. Hakuwa na jina la ukoo, hakupelekwa shule, na kisheria alikuwa mali ya mtu mwingine, sawa na ng'ombe na jembe. Jina lake lilikuwa Edmond.

Alizaliwa mwaka wa 1829 huko Sainte-Suzanne, wakati kisiwa hicho cha Bahari Hindi kilipokuwa bado kikiitwa Bourbon. Mamake, Mélise, alifariki akimzaa. Babake alijulikana kama Pamphile. Wote wawili walikuwa watumwa, na kwa sheria za Wafaransa za wakati huo mtoto wa mtumwa alirithi utumwa kutoka tumboni.

Si vigumu kwa msomaji wa Afrika Mashariki kukisia mizizi ya watu wa aina ya Mélise na Pamphile. Watumwa wa Bourbon walitolewa hasa Madagascar na pwani yetu hii, kuanzia Msumbiji hadi Kilwa. Mnamo 1776, Mfaransa mmoja kwa jina Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, na ingawa mkataba wenyewe haukutekelezwa kama ulivyoandikwa, majahazi na merikebu za Kifaransa ziliendelea kuchukua watu pwani kwa miaka mingi. Hata baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwanzoni mwa karne ya 19, watu waliendelea kuingizwa kisiwani kwa magendo, kwa kuwa mashamba ya miwa yalihitaji mikono. Njia hizo za bahari zilipitisha mimea pia. Karafuu ambazo baadaye zilizitajirisha Unguja na Pemba zilitoka katika visiwa hivyo hivyo vya Bourbon na Mauritius.

Edmond, akiwa yatima, alikuja kulelewa katika shamba la Bellevue, makao ya Ferréol Bellier-Beaumont. Bwana huyu alikuwa mkulima tajiri lakini moyo wake ulikuwa katika mimea. Alikuwa na bustani aliyoitunza kwa mapenzi, akakusanya maua na miti ya kigeni, akabadilishana miche na barua na wapenda mimea wenzake kisiwani. Alimpenda kitoto hicho. Alikuwa akitembea nacho bustanini asubuhi, akikionyesha jinsi mimea inavyokua, akikitajia majina yake hata yale ya Kilatini, nacho kikiyashika. Katika maandishi yake ya miaka ya baadaye, Bellier-Beaumont alimkumbuka Edmond kama mtoto aliyekuwa nyuma yake daima.

Hapa yafaa tusite kidogo. Mapenzi hayo, ambayo hatuna sababu ya kuyatilia shaka, hayakumfundisha Edmond kusoma wala kuandika, na wala hayakumpa uhuru. Bwana aliweza kumwita kipenzi chake na wakati huo huo kumhesabu katika orodha ya mali. Ndivyo ulivyokuwa utumwa wa nyumbani kila ulikokuwapo, hata katika miji yetu ya pwani, na mwenye kuandika habari za watu wa zama hizo lazima aubebe ukinzani huo hadi mwisho wa hadithi.

Miongoni mwa mimea ya Bellevue ulikuwapo mtambao mmoja wa vanila. Asili ya mmea huu ni misitu ya Mexico na Amerika ya Kati, ambako Watotonaki waliutumia kwa karne nyingi, kisha Waazteki wakautia katika kinywaji chao cha kakao. Wahispania walipoiteka Mexico mwanzoni mwa karne ya 16 waliipeleka harufu hiyo Ulaya, na matajiri wa huko wakaipenda mno. Kwa zaidi ya miaka 300, Mexico ilibaki ndiyo nchi iliyoilisha dunia vanila. Wengi walijaribu kuipanda kwingine. Mmea ulikubali, ukatambaa, ukatoa hata maua, lakini maua hayo yalinyauka na kuanguka bila kuacha chochote.

Sababu ilikuwa katika maumbile ya ua lenyewe. Ua la vanila lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, karibu sana, lakini katikati yao pana utando mdogo mfano wa ulimi unaozitenganisha kama pazia. Chavua haiwezi kuvuka yenyewe. Huko Mexico kuna nyuki ambao kwa milenia nyingi wamezoea kuingia katika ua hilo na kuifanya kazi hiyo, kwingineko hawapo. Isitoshe, kila ua hufunguka asubuhi moja tu na kufikia alasiri limeanza kunyauka. Likipita halirudi.

Huko Bourbon, vipando vya kwanza vililetwa mwaka wa 1819 na nahodha Philibert pamoja na mtaalamu wa mimea Perrottet, na vingine vikaja kutoka Paris mwaka wa 1822. Vingi vilikufa. Vilivyosalia vilikuwa mapambo tu. Ule wa Bellevue ulikuwa umekaa takriban miaka 20 bila kuzaa ganda hata moja, na Bellier-Beaumont alikuwa ameshakubali kuwa ni mmea tasa.

Wasomi wa Ulaya nao hawakuwa wamelala. Mnamo 1836, Profesa Charles Morren wa Liège, nchini Ubelgiji, alifaulu kuichavusha vanila kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo, na muda mfupi baadaye Neumann akafanya hivyo huko Paris. Kwa hivyo si kweli, kama inavyodaiwa mara nyingine, kwamba hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kulizalisha ua hilo kabla ya Edmond. Lakini mbinu zao zilikuwa za maabara, za polepole, na hazikumfaa mkulima mwenye maelfu ya maua yanayomsubiri kabla ya adhuhuri. Baada ya Morren, hakuna shamba lililonufaika.

Siku moja mwaka wa 1841, Bellier-Beaumont alikuwa katika matembezi yake ya kawaida, Edmond akiwa ubavuni. Alipoufikia mtambao wake wa vanila, macho yake yalinasa maganda mawili mabichi yakining'inia. Alipigwa na butwaa. Edmond, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alimwambia kwamba yeye ndiye aliyeyafanya yatoke.

Bwana hakuamini. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba maelezo ya mtoto hakuyatia maanani. Siku chache zilipita, akaona ganda jingine, na Edmond akarudia madai yake. Hapo ndipo alipomtaka amwonyeshe.

Edmond alilishika ua, akalipasua kidogo upande, akauinua ule utando kwa kijiti, kisha akazibana sehemu ya kiume na ya kike zikutane kwa dole gumba. Basi. Alikuwa ameshafundishwa na bwana wake kuzalisha kwa mkono mmea mmoja wa jamii ya maboga, ambao maua yake ya kiume na ya kike hukaa mbalimbali, jambo ambalo wakulima wetu wa matikiti wanalifahamu vyema. Kutokana na somo hilo akafikiri kwamba huenda ua la vanila nalo lina dume na jike waliofichana, akalichunguza peke yake hadi akawaona. Hakuna aliyemtuma.

Iko ngano inayosimuliwa kwamba mtoto huyo alikuwa amemkasirikia bwana wake, akayavuruga maua yake kwa hasira, na kwa bahati yakashika mimba. Ni masimulizi matamu lakini yana kasoro. Maua ya vanila yaliyovurugwa huanguka, hayazai. Na mtu aliyebahatisha kwa hasira hawezi kuitwa siku ya pili akarudia kitendo kile kile mbele ya mashahidi. Ninashuku kuwa ngano hiyo ilipendwa kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini bahati ya mtumwa kuliko akili yake.

Bellier-Beaumont, kwa sifa yake, hakuuficha ugunduzi huo wala kujifanya ni wake. Aliwaandikia wenye mashamba wenzake, nao wakatuma magari ya farasi kumchukua mtoto ili awafundishe watumwa wao. Hebu msomaji ajipigie taswira: mtoto wa miaka 12, anayemilikiwa, akiketishwa garini na kupelekwa shamba hadi shamba kama mwalimu, watu wazima wakimzunguka kutazama vidole vyake, kisha akirudishwa jioni kwa bwana wake. Hakulipwa. Mbinu hiyo ilikuja kuitwa kwa Kifaransa jambo lenye maana ya kumtendea ua kama alivyofanya Edmond, na kwa muda jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mkulima kisiwani.

Matokeo hayakuja kwa siku moja. Ganda la vanila hukaa mtini karibu miezi tisa kabla ya kukomaa, na likichumwa halina harufu yoyote. Lazima litumbukizwe katika maji ya moto, likafunikwa kwa mablanketi litoke jasho hadi ligeuke rangi ya kahawia, lianikwe juani siku baada ya siku, kisha lilazwe masandukuni kwa miezi. Kilo moja ya vanila iliyokauka huhitaji kilo tano au sita za maganda mabichi. Wakulima wa Bourbon, miongoni mwao Ernest Loupy, waliiboresha kazi hiyo ya kukausha katika miaka ya 1850, na hapo biashara ikashika kasi.

Mnamo 1848, kisiwa hicho kiliuza nje kilo zipatazo 50 tu. Miaka 10 baadaye zilikuwa tani mbili. Mwaka wa 1867, tani 20. Kufikia 1898, zilikuwa tani 200, na Mexico ilikuwa imeshapitwa. Jina la Bourbon likageuka kuwa alama ya ubora, na hadi leo vanila ya Réunion, Madagascar na Komoro huuzwa kwa jina hilo ingawa kisiwa chenyewe kilikwishaliacha zamani.

Mwaka huo wa 1848 ndio uliobadilisha pia hali ya Edmond. Mapinduzi ya Februari huko Paris yaliiangusha falme, serikali mpya ikatangaza mwezi wa Aprili kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni, na kamishna Sarda Garriga akatumwa kwenda kuitekeleza amri hiyo Bourbon, ambayo sasa ilirudishiwa jina la Réunion. Tarehe 20 Desemba 1848, zaidi ya watu 60,000 kati ya wakazi wapatao 100,000 walikuwa huru.

Uhuru ulikuja na majina. Makarani walikaa na madaftari yao wakiwagawia watu majina ya ukoo, mengine ya heshima, mengine ya kejeli. Edmond alipewa Albius, neno linalotokana na Kilatini cha weupe. Kama aliyelichagua alikuwa akiufikiria weupe wa ua au alikuwa akimfanyia mzaha kijana mweusi, kila mwandishi ana lake. Aliyepewa jina hilo alikuwa na umri wa miaka 19.

Hakupewa kingine. Bellier-Beaumont na baadhi ya marafiki zake waliiomba serikali ya koloni imtunze kijana huyu kwa namna fulani, kwa kuwa ndiye chimbuko la utajiri mpya wa kisiwa. Hapakuwa na jibu la maana. Wakati huo huo, sheria ya Aprili 1849 iliwalipa fidia mabwana kwa kila mtumwa waliyempoteza. Waliokuwa watumwa hawakulipwa hata senti, na zaidi ya hayo walilazimishwa kuwa na mikataba ya kazi, la sivyo wahesabiwe wazururaji.

Edmond aliondoka Sainte-Suzanne akaenda mjini Saint-Denis, kama vijana wa mashambani wanavyofanya hadi leo. Mikono iliyoleta vanila kisiwani ilipata kazi ya jikoni, kwa mwanajeshi mmoja mzungu. Haukupita muda mrefu akajikuta mahakamani akituhumiwa kuhusika katika wizi wa vito vya thamani. Alipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo chenye kazi ngumu.

Aliyejitokeza kumtetea ni hakimu wa Sainte-Suzanne, Mézières Lépervanche. Alimwandikia gavana akimweleza kwamba mfungwa huyo ndiye aliyeipa koloni bidhaa yake mpya, na kwamba ikiwa kuna mtu anayestahili huruma ya serikali ni yeye. Bellier-Beaumont naye hakumtupa. Mnamo 1855, gavana Hubert Delisle alimwachilia kabla ya muda wa kifungo kwisha. Edmond akarejea Sainte-Suzanne, karibu na shamba alikokulia, akaishi maisha ya mkulima mdogo. Baadaye alioa, na mkewe akafariki kabla yake.

Pengo lililobaki lilikuwa la heshima, na hilo nalo likaja kutikiswa. Jean Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea aliyekuwa msimamizi wa bustani ya serikali mjini Saint-Denis, alidai kwamba yeye ndiye aliyeleta mbinu hiyo kisiwani. Alisema aliiona Paris, akawaonyesha watunza bustani kadhaa alipozuru Sainte-Suzanne mwaka wa 1838, na kwamba Edmond, ambaye lazima alikuwapo, alimwiga tu. Richard hakuwa mtu mdogo. Bustani aliyoisimamia, ambayo ipo hadi sasa katikati ya mji na miti yake mikongwe, ilikuwa kitovu cha elimu ya mimea katika sehemu hii ya Bahari Hindi, na alikuwa amejaza miche ya kutoka kila pembe ya dunia humo. Neno lake lilikuwa na uzito ambao neno la mtumwa wa zamani, tena aliyewahi kufungwa, halingeweza kuwa nao.

Lakini mzee Bellier-Beaumont alikuwa hai bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, alimwandikia Eugène Volsy Focard, mwandishi wa historia ya kisiwa hicho, akizipinga hoja za Richard moja baada ya nyingine. Alieleza kwamba Richard alikuwa rafiki yake, na kwamba hakutaka kumwita mwongo bali mtu aliyesahau. Alihoji: kama mbinu ilifundishwa 1838, mbona hakuna mtunza bustani hata mmoja aliyepata ganda kati ya mwaka huo na 1841? Kwa nini mashamba yale yale yalituma magari kumfuata mtoto awafundishe jambo ambalo tayari walikuwa wamefundishwa? Na kwa nini Richard alinyamaza miaka mingi namna hiyo huku kisiwa kizima kikimtaja Edmond?

Nimeisoma kesi hii mara kadhaa nikiwa na jicho la kazi yangu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ni kuchunguza madai ya watu kabla hayajachapishwa. Hoja ya mwisho pekee ingenitosha. Mwenye haki hangoji watu waimbe sifa za mwingine kwa miongo miwili ndipo akumbuke.

Focard alishawishika. Habari za Edmond zikaingia katika kitabu cha picha za kisiwa kilichotolewa na mchoraji Antoine Roussin, pamoja na mchoro unaomwonyesha akiwa mtu mzima, na vanila mkononi. Ni nadra sana kwa mtu aliyezaliwa utumwani katika makoloni hayo kuachiwa picha yenye jina lake. Hata hivyo uvumi haukufa. Mwanzoni mwa karne ya 20, yalikuwapo magazeti ya Ufaransa yaliyoandika kwamba Albius alikuwa mzungu. Huenda waliuona ugunduzi, wakalisoma jina, wakajaza pengo lililobaki kwa walivyozoea. Kosa kama hilo kwetu chumba cha habari huitwa uzembe, lakini si kila uzembe hutoka kwa bahati mbaya.

Edmond Albius alifariki mwezi wa Agosti 1880 katika hospitali ya Sainte-Suzanne, akiwa na umri wa miaka 51. Gazeti la kisiwani lilitoa tangazo fupi wiki chache baadaye. Lilieleza kwamba mtu aliyeigundulia koloni namna ya kuzalisha vanila, kwa faida kubwa ya koloni hiyo, amekufa maskini wa kutupwa, na kwamba ombi lake la siku nyingi la kupewa posho halikuwahi kujibiwa.

Kufikia wakati huo, vidole vyake vilikuwa vimeshavuka bahari. Wakulima kutoka Réunion waliipeleka vanila katika kisiwa cha Nosy Be, kaskazini magharibi mwa Madagascar, na kutoka hapo ikashuka hadi pwani ya kaskazini mashariki, Sambava na Antalaha, ambako leo hutoka sehemu kubwa ya vanila ya dunia. Iliingia Komoro na Mayotte. Iliingia Shelisheli, ikastawi huko hadi bei ilipoporomoka. Maana kulikuwa na mshindani mwingine: mwaka wa 1874, miaka sita kabla ya Edmond kufa, Wajerumani Tiemann na Haarmann walikuwa wametengeneza kiini cha ladha ya vanila kutokana na misonobari. Ladha nyingi tunayoinunua madukani kwa jina la vanila leo ni ya viwandani, haijawahi kuona ua.

Ile ya kweli imetufikia pia. Wanaotembezwa katika mashamba ya viungo ya Unguja huonyeshwa mtambao wake kando ya iliki na pilipili manga. Nchini Uganda, wakulima wa Mukono na wilaya za jirani waliigeukia kwa wingi, hasa baada ya tufani ya mwaka wa 2000 kuyaharibu mashamba ya Madagascar na bei kupaa hadi kufikia takriban dola 500 kwa kilo katika miaka ya 2003 na 2004. Kisha ikaanguka ghafla, na waliokuwa wameng'oa kahawa wakajuta. Bei ilipopanda tena miaka kumi na zaidi baadaye, wakulima walilala mashambani na mapanga kulinda maganda mabichi dhidi ya wezi, na serikali ikalazimika kutangaza tarehe rasmi za kuvuna ili wasichume machanga kwa hofu ya kuibiwa.

Zimejaribiwa mashine, zimejaribiwa dawa za kulifanya ua lijizalishe lenyewe. Hakuna iliyoishinda mbinu ya 1841. Mfanyakazi hodari, mara nyingi mwanamke, huingia shambani alfajiri na kijiti cha mwanzi au mwiba wa mlimau, akapitia zaidi ya maua 1,000 kwa asubuhi moja, akipasua, akiinua utando, akibonyeza kwa dole gumba. Hufanya haraka, kwa sababu saa sita ikipita maua huanza kufumba.